Nilisafisha rekodi ya baba mkubwa, sasa hapokei simu yangu

Shikamoo Mzee,

Nasoma safu hii muda mrefu, na nakumbuka uliwahi kueleza kwamba kabla ya kuanza kujibu barua za watu ulikuwa fundi mitambo wa kurekodi muziki. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu jambo langu nusu ni la nyaya na nusu ni la nyumbani.

Nina miaka 29, naishi Temeke, Dar es Salaam. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, baba mkubwa, ambaye sasa ana miaka 74. Ujanani alipiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi. Hakupata jina kubwa, lakini wazee wenzake wakikutana naye njiani bado wanamwita kwa jina lake la jukwaani. Gitaa lake la umeme analo mpaka leo, pamoja na amplifaya ndogo aliyoinunua mkononi mwa mtu. Mwaka jana vidole vya mkono wa kushoto vilianza kutetemeka. Akaniita mwenyewe akaniambia, "Mwanangu, kama una nia ya kunirekodi, usingoje."

Nikajikusanya, nikanunua intafesi ya kuunganisha na laptop na maiki moja. Kila Jumamosi mchana nilikuwa sebuleni kwake. Waya mmoja ulitoka nyuma ya amplifaya kuingia kwenye intafesi, na maiki niliiweka kwenye stendi katikati ya chumba. Tulirekodi nyimbo kumi na moja.

Tatizo ni kelele, Mzee. Kuna mvumo wa "mmmm" usiokoma hata akiwa hajagusa nyuzi. Kuna feni. Kuna kijiwe cha bodaboda karibu na dirisha, mashine ya kusaga nyumba ya tatu, na jogoo wa jirani asiyejua saa. Na yeye mwenyewe ana tabia ya kunong'ona akipiga. Nilimwomba mara mbili tatu anyamaze. Ananyamaza kidogo, wimbo ukikolea anaanza tena.

Rafiki yangu anayetengeneza redio alikuja kunisaidia. Alifungua plagi ya amplifaya akakata ule waya wa kijani na njano, na mvumo ukapungua papo hapo. Baada ya hapo baba mkubwa alisema siku moja kwamba nyuzi "zinamng'ata". Alikuwa peku kwenye sakafu ya saruji, tukadhani ni ubaridi.

Kisha nikahamia kwenye kompyuta. Nilichukua kipande chenye kelele tupu, nikaiambia programu iondoe kelele ya namna hiyo kwenye wimbo mzima. Haikutosha, nikarudia mara ya pili na ya tatu. Nikaweka na geti la sauti, ili noti ikiisha pawe kimya. Nilikesha wiki mbili. Mwisho wake kati ya noti na noti hapakuwa na kitu, na nilijisikia fahari sana.

Nikampelekea, nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza nyimbo mbili. Akazivua, akaniuliza, "Hapa niko wapi?" Sikumwelewa. Nikaanza kumweleza jinsi programu inavyofanya kazi. Akasema, "Sawa mwanangu, umejitahidi," akalirudisha gitaa kwenye mfuko wake.

Hiyo ni wiki ya tano sasa. Kila Jumamosi ana mgeni, au mgongo unauma. Juzi nimempigia mara mbili hakupokea. Mama mkubwa ameniambia kwamba mzee anasema, "Mikono yangu imekwisha, hata kijana kashaona."

Kaka yangu, mwanawe wa kwanza, anataka tulipie studio siku mbili tumalize kazi. Lakini baba mkubwa aliwahi kupelekwa studio, akafungiwa kwenye kijumba cha kioo na mlio wa kuhesabu mapigo masikioni, akaambiwa arudie kipande kwa kipande. Alirudi amekasirika. Mke wangu ananishauri nimwache mzee apumzike. Mimi bado naamini ningepata njia bora ya kuondoa kelele, angeipenda rekodi yake. Ipo njia hiyo? Na nimrudie vipi?

Mtoto wa Mdogo Mtu, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza. Ile amplifaya isiwashwe tena mpaka waya wa kijani na njano urudishwe mahali pake. Mengine yote katika barua yako tunaweza kuyajadili taratibu, hili haliwezi kungoja.

Waya ule ndio ethi. Kazi yake ni kuupeleka umeme ardhini pale kifaa kinapoharibika ndani. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia kebo, kwa hiyo umeme ukikosa njia ya kwenda ardhini utapita kwa mtu aliyeshika nyuzi, hasa akiwa peku juu ya saruji. Ulichoambiwa siku ile, kwamba nyuzi zinang'ata, ndivyo wapigaji wanavyousikia umeme kabla haujawa mkubwa. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea kwa kugusa maiki wakati mitambo haikuwa na ethi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake kwa sababu ya namna hiyohiyo, akipiga gitaa. Mwite fundi umeme, si wa redio, na umwombe apime kama soketi za nyumba zina ethi kweli. Tundu la tatu kwenye soketi linaweza kuwa pambo tu, nyuma yake hakuna waya.

Sikugombezi. Ulimwamini rafiki, na mvumo ulipungua kweli. Kule kupungua kwenyewe kumetupa habari, na tutaitumia.

Niruhusu sasa nikurudishie barua yako kama nilivyoielewa. Unaona kuna rekodi nzuri iliyofukiwa chini ya kelele, kwamba ulijaribu kuifukua ukaharibu, na ukipata jembe bora mzee atarudi. Huenda. Lakini umeziweka kelele zote kwenye kapu moja, na humo ndani naona vitu vinne visivyofanana hata kidogo: umeme, mtaa, chumba, na mzee mwenyewe.

Tuanze na umeme, maana hapo mimi na wewe hatutabishana. Mvumo ulipungua ethi ilipokatwa kwa sababu amplifaya na laptop zilikuwa zimeungana kwa njia mbili: kupitia waya uliotoka nyuma ya amplifaya, na kupitia ethi za plagi zao. Duara hilo hunasa mvumo. Unaweza kulivunja bila kumhatarisha mtu. Chomoa chaja, laptop itumie betri wakati wa kurekodi. Vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja. Au uache kabisa ule waya wa nyuma, urekodi kwa maiki peke yake; pasipo na waya kati ya amplifaya na intafesi hakuna duara.

Mvumo utakaobaki, mtafute unakotoka. Geuza volyumu ya gitaa hadi sifuri. Ukiendelea, chanzo ni amplifaya. Ukikatika, unaingia kupitia gitaa. Hapo mwombe mzee ageuke na kiti chake polepole kama anayetafuta kibla. Pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kwenye magitaa mengi ya zamani zina koili moja ya waya, na koili moja hunasa usumaku wa transfoma, televisheni na chaja za simu kama antena. Kuna upande ambao mvumo unakaribia kuisha, na gharama yake ni kugeuza kiti. Wapo watakaokushauri ubadilishe pikapu uweke za koili mbili zinazofuta mvumo, zile ambazo Seth Lover wa kampuni ya Gibson alizibuni mwaka 1955. Zinafanya kazi, ila sauti yake ni nene zaidi. Gitaa la solo la dansi linang'aa, linakata. Ukimwekea mzee wa miaka 74 sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo, utakuwa umerudi kwenye swali lake lilelile.

Mtaa ni habari nyingine. Ona jambo hili ambalo kwenye barua yako limepita bila wewe kulitaja: waya unasikia umeme, maiki inasikia mtaa. Kila njia ina ugonjwa wake, na unachagua ugonjwa unaoweza kuishi nao. Wewe uliiweka maiki katikati ya chumba, kwa hiyo ililazimika kuongezewa nguvu, na nguvu hiyo ikaongeza bodaboda kiasi kilekile ilichoongeza gitaa. Isogeze. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti unayoitaka inapanda kama desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati bodaboda inabaki ilipokuwa. Iwe vidole vinne kutoka kitambaa cha spika, mgongo wake uelekee dirishani, kama ni maiki ya kusikia mbele tu. Magodoro na mablanketi ukutani yatapunguza mwangwi wa sebule, lakini pikipiki hayaizuii. Watu wengi hupoteza fedha hapo. Feni izimwe dakika tano za wimbo, iwashwe mzee anapopumzika. Na kijiweni nenda kwa miguu yako, uwaeleze vijana ni nani anayepiga na kwa nini. Nimewahi kuona kijiwe kizima kikisukuma pikipiki hadi kona ya pili bila kuwasha injini kwa ajili ya mzee wao. Jumamosi mchana, hata hivyo, ni saa mbaya kuliko zote ulizoweza kuchagua. Mashine ya kusaga haifanyi kazi saa nne usiku. Swali ni kama vidole vyake bado vina nguvu saa hizo, na hilo analijua yeye.

Sasa kompyuta. Programu ile hufanya kazi vizuri kwa kelele isiyobadilika, kama feni. Bodaboda inapanda na kushuka, jogoo anaanza na kuacha, kwa hiyo haiwezi kuwajua. Ukiilazimisha, inaanza kula muziki. Umeme wetu unavuma hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo huo una watoto kwenye 100, 150 na kuendelea. Nyuzi nene ya gitaa ikiachwa wazi inalia kwenye hezi 82 hivi, kwa hiyo chini ya 70 unaweza kukata bila gitaa kuumia. Lakini nyuzi ya nne inalia karibu na 147. Ukichimba 150 kwa jembe pana, unaifukua na yenyewe. Ukipitisha programu mara tatu, kinachobaki ni ile sauti ya povu, kama mtu anapiga gitaa ndani ya pipa la maji. Naamini unaijua, uliisikia ukaizoea kwa sababu ya kukesha. Pitisha mara moja, uombe ipunguze desibeli sita au nane tu, kisha uende ukalale na usikilize asubuhi. Kelele kidogo iliyobaki, sikio huisahau baada ya nusu dakika. Povu halisahauliki.

Na geti je? Hapa naomba ukae na mimi kidogo, maana ndipo moyo wa barua yako ulipo.

Bendi za enzi zake, zilipoitwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kila bendi iliingia nzima chumba kimoja na kuupiga wimbo mwanzo hadi mwisho kwenye tepu. Solo halikuwa peke yake hata sekunde moja. Ridhimu lilikuwa linajaza mapengo, besi iko chini, tumba zinatembea, tarumbeta zinasubiri zamu. Amplifaya za wakati ule zilivuma vilevile, tena zaidi. Zilifunikwa na muziki. Rekodi za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, tunazisikiliza hadi leo pamoja na mchakacho wa santuri, na sijawahi kusikia mtu akilalamika.

Wewe umemrekodi mtu wa bendi akiwa peke yake, kisha ukamwondolea na chumba. Kila noti ya kidole kinachotetemeka imebaki uchi, na mkia wake umekatwa na geti kabla haujamaliza kufa. Nisikilize vizuri: sisemi alipiga vibaya. Nasema kile kimya kiliuanika mtetemeko ambao feni na sebule vilikuwa vinausitiri. Alivua hedifoni akiwa amesikia mikono yake kwa namna ambayo hajawahi kuisikia maishani. Na hakuwa na mahali pa kujishika, hata mlio wa nyumba yake mwenyewe haukuwepo. Swali la "Hapa niko wapi?" wewe ulilijibu kwa kumweleza programu.

Naweza kuwa nimekosea. Labda hakupenda povu tu, au ana maumivu ya mgongo kweli. Lakini maneno aliyoyaleta mama mkubwa hayahusu kelele. Yanahusu hukumu aliyodhani umemtolea.

Kuhusu studio, kaka yako hana nia mbaya, na studio nzuri ina kimya ambacho hutakipata Temeke. Kilichomkasirisha mzee mara ile, kwa jinsi ulivyosimulia, kilikuwa kuhesabiwa na kukatwakatwa. Prodyuza akikubali kuuzima ule mlio, akamwacha apige wimbo mzima, na mtu wa ridhimu akakaa mbele yake wakitazamana, hiyo ni studio tofauti kabisa. Hatari yake ni saa inayolipiwa. Mzee akijua fedha inakwenda, mkono unakaza.

Lipo pia gitaa kavu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo, gitaa kavu na sauti ya mtu, na wapigaji wa kwetu wakajifunza kwenye rekodi zake miaka mingi. Hakuna umeme, hakuna mvumo. Lakini nyuzi zake ni ngumu kwa vidole vinavyotetemeka, na huenda mtu wa solo akaona umemvua nguo zake za kazi.

Njia nyingine ni kubaki sebuleni kwake na maiki mbili, moja karibu na spika, nyingine mbali ikisikia nyumba. Baadaye unachanganya, na kiasi cha nyumba mnakiamua wote wawili mkiwa mmekaa pamoja. Ni kazi zaidi, na jogoo ataingia.

Na mke wako anayesema umwache apumzike, usimpuuze. Amemwona mzee kwa jicho lisilo na hedifoni. Ila mzee huyo ndiye aliyekwambia usingoje, na hatujasikia kama amelifuta neno hilo. Kumwacha kunaweza kuwa heshima. Kunaweza pia kuthibitisha kile anachokiogopa.

Utamrudiaje? Ningekuwa mimi, ningekwenda siku isiyo Jumamosi, bila laptop, bila maiki. Ningempelekea fundi umeme, kwa sababu hiyo ni shida ya kweli na inampa sababu ya kufungua mlango. Ningemwomba radhi kwa kumweka hatarini na plagi ile. Habari ya muziki ningemwachia yeye aianze, au asiianze.

Kabla hujaenda, lakini, kuna kitu. Natumaini hukufuta zile rekodi za awali. Umeandika kwamba anaponong'ona unamwomba anyamaze, ukaweka minong'ono kwenye orodha moja na mashine ya kusaga, na geti likaimaliza. Nimekaa na wapiga solo wengi waliokuwa wakinong'ona. Wengine walikuwa wanahesabu. Wengine walikuwa wanawaita wenzao: tarumbeta ingia, besi subiri, na jina la mtu. Umesema anaanza tena wimbo unapokolea, na mahali wimbo wa dansi unapokolea ndipo vyombo vinapoingia. Anachosema yeye kipo kwenye maiki yako, maana waya usingekisikia. Tafuta faili la kwanza kabisa, lile lenye feni na kila kitu, vaa hedifoni, na usikilize anamwita nani.